Foleni ya maonyesho ya magari haianzii langoni

Nkoma, upande wa kaskazini wa jiji la Mbale, hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya gari lililokosa pa kusimama. Malori yanayoshuka kutoka Soroti na Kumi hukutana na yanayopanda kutoka Tororo, boda boda zinapenya katikati, na dereva akisimama dakika tano kushusha magunia ya vitunguu, nyuma yake honi zimeshaanza. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia kwamba Nairobi kuna Jumapili moja kila mwaka ambapo wenye magari hukaa kwenye foleni wakisubiri kuingia uwanjani kutazama magari mengine, anaweza kucheka. Asicheke sana. Foleni ya namna ile inatokana na mambo yale yale yanayomchelewesha yeye Malaba, na barabara inayoibeba mizigo yake ndiyo hiyo hiyo inayobeba sherehe za watu.

Maonyesho yenyewe yanajulikana kwa jina la Kifaransa, Concours d'Elegance. Yana historia tangu 1970, na mwandaaji wake ni chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo nchini Kenya. Hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa 1954, na kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba. Magari yanayoshindana huwa takriban 70 na pikipiki kama 40. Waamuzi huinama hadi chini ya gari, hufungua boneti, hupitisha macho kwenye viti, nyaya, rangi na injini, kisha hutoa alama. Gari la miaka 60 iliyopita linaweza kulishinda la juzi kama mwenyewe amelitunza. Washiriki na watazamaji kutoka Uganda na Tanzania nao huvuka mpaka kwenda huko, hasa waendesha pikipiki, ambao safari ndefu kwao ni sehemu ya raha.

Usidhani ni jambo la matajiri peke yao. Katika majani yale utaona Peugeot 404 na 504, Land Rover za bodi ya bati, Volkswagen zile za mgongo wa kobe. Haya ndiyo magari yaliyoijenga biashara yetu. Kabla ya matrela ya leo, 504 ya kubebea mizigo ilipanda milima na nyanya nyuma, abiria watatu mbele na kuku chini ya kiti. Land Rover ndiyo iliyofika Kapchorwa na Bududa mvua ikinyesha, wakati magari mengine yalikuwa yamesalimu amri. Ukimpeleka mzee aliyefanya biashara miaka ya 1970 katika uwanja ule, hatauliza bei ya gari. Ataliuliza lilitumia lita ngapi kutoka Tororo hadi Eldoret.

Kuna na jambo la ujirani humo. Mbio za magari za 1953, zilizoandaliwa kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1960 zikaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alizishinda mara 5: 1973, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu wa nchi tatu walisimama kando ya barabara za vumbi kushangilia magari yale yale. Siku hizo hapakuwa na shida ya maegesho, maana wengi walikuja kwa miguu.

Sasa wanakuja kwa magari, na hapo ndipo matatizo yalipo.

Uwanja wa Ngong uko kando ya Ngong Road, kati ya Dagoretti Corner na Karen. Ni barabara ya watu wanaokwenda kanisani, sokoni, madukani na makwao. Imepanuliwa kwa awamu, na imesaidia, lakini barabara pana inayoishia kwenye lango jembamba ni kama mto unaomiminwa kwenye chupa. Yaliyo ndani ya uwanja yamepangwa kwa ustadi mkubwa. Kila gari la mashindano lina namba yake, saa yake ya kuletwa, nafasi yake kwenye majani, na mtu anayelisubiri. Gari la mtazamaji halina lolote kati ya hayo. Linajiendea tu, saa litakayo, na likifika ndipo dereva anaanza kutafuta pesa mfukoni.

Mfanyabiashara anapenda hesabu, basi tuifanye. Tuseme magari 2,000 yanatarajiwa siku moja mahali popote pale. Langoni kuna vijia vitatu. Kila gari linasimama nusu dakika: kioo kinashushwa, bei inaulizwa, noti inatolewa, chenji inatafutwa, mlinzi anafungua buti na kuchungulia. Nusu dakika si nyingi. Lakini maana yake ni magari 120 kwa saa katika kila kijia, magari 360 kwa vijia vyote vitatu. Magari 2,000 yatahitaji saa 5 na nusu kuingia. Aliyeondoka nyumbani saa nne asubuhi anaweza kuingia wakati wa kugawa zawadi.

Tena magari hayaji kwa usawa. Watu husali, hunywa chai, kisha huondoka wote kwa pamoja. Kama kati ya saa nne na saa tano yakifika magari 1,000 na lango likimeza 360, nje yamebaki 640. Gari moja katika foleni hula kama mita 7, likiwemo pengo la mbele yake. Hizo ni takriban kilomita 4 na nusu za magari yaliyopangana mstari mmoja. Ndani ya kilomita hizo kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali, basi la abiria, na pikapu ya mtu aliyebeba mboga asiyejua hata kama kuna maonyesho.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Tiketi iwe imenunuliwa tangu jana, mlangoni iwe ni kuonyesha na kupita, sekunde 10. Vijia vile vile vitatu vitapitisha magari zaidi ya 1,000 kwa saa. Hakuna lami iliyoongezwa wala askari aliyeongezwa. Kazi iliyokuwa ikifanyika langoni imehamishiwa nyumbani.

Sisi wa Malaba tunalijua somo hili kwa uchungu. Zamani lori lilisimama upande wa Kenya, karatasi zikagongwa mihuri, likasogea mita chache, likasimama tena upande wa Uganda, mihuri ikarudiwa. Kituo cha pamoja cha mpakani kikaondoa kusimama mara mbili: taratibu za kutoka na za kuingia zinafanyika upande unaoingia. Kuanzia 2014, chini ya mfumo wa eneo moja la forodha, ushuru wa mizigo mingi unalipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Busia nako kituo cha pamoja kilizinduliwa 2018. Foleni ikapungua Malaba kwa kazi iliyofanyika Mombasa, mbali kabisa na macho ya dereva.

Na tunajua upande wa pili wa somo. Januari 2022 Uganda iliwataka madereva wa malori kupimwa korona mpakani na kulipa dola 30 kila mmoja. Ni jambo moja lililoongezwa langoni. Madereva waligoma, malori yakapangana makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na huku Uganda petroli ikaadimika na bei ikapaa hadi boda boda wa Mbale wakaegesha pikipiki zao. Sharti lilipolegezwa foleni ilianza kuyeyuka. Anayetaka kujua ni kiasi gani kipimo kimoja mlangoni kinaweza kuigharimu nchi nzima, mwaka ule ulimwonyesha.

Nirudi kwenye maegesho, maana kuingia ni nusu ya safari. Gari dogo likiegeshwa, pamoja na njia ya kulizungushia, linahitaji kama mita 25 za mraba. Magari 2,000 yanataka mita za mraba 50,000, yaani hekta 5, zaidi ya ekari 12. Ni kama viwanja saba vya mpira. Mji unaojivunia uwanja mmoja wa mpira hauwezi kuyameza magari hayo hata ukiwaondoa wachezaji na magoli. Uwanja wa farasi wa Ngong una ardhi kubwa, na hii ni sababu moja ya maonyesho yale kudumu pale. Lakini ardhi pasipo mistari, pasipo vijana wa kuelekeza na pasipo njia ya kutokea iliyotengwa, hugeuka zizi. Wa kwanza kufika anaegesha karibu na lango ili atoke mapema, wa pili anamzibia, wa tatu anaacha gari chini ya mti katikati ya njia na kwenda kununua nyama choma. Jioni kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Jioni ndiyo mbaya zaidi. Kuingia watu wanagawana asubuhi nzima, ila kutoka wanatoka wote kikombe cha mwisho kikishatolewa. Hakuna tiketi ya kuuza mapema inayotibu hilo. Kinachotibu ni kuwapa watu sababu ya kubaki: muziki, chakula, kuwaruhusu wakaribie magari baada ya waamuzi kumaliza. Muuza mishikaki anayefunga jiko saa kumi na moja anaongeza foleni, na anayebaki hadi saa moja usiku anaipunguza huku akiuza. Ni nadra waandaaji wa sherehe kumhesabu mchuuzi kama sehemu ya mpango wa barabara. Kwa maoni yangu ndiye wa kwanza wa kuhesabiwa. Apewe njia ya kuingia alfajiri na mahali pa kuweka pikapu yake, badala ya kufukuzwafukuzwa na askari wa kaunti hadi saa tano akiwa na barafu inayoyeyuka.

Utauliza: haya ya Nairobi yanamhusu vipi mwenye duka Mbale? Yanamhusu kwa sababu ya Naivasha. Mbio za Safari ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, zilikwenda kukaa Naivasha. Na Naivasha iko juu ya barabara inayotoka Mombasa na Nairobi, ikapita Nakuru na Eldoret, ikafika Malaba. Hii ndiyo barabara ya sabuni yetu, chuma chetu, mafuta yetu, na ya kahawa yetu inayoteremka kwenda bandarini. Mashabiki wanaotoka Nairobi kwa maelfu ya magari hujazana humo Ijumaa na Jumapili jioni, wengine wakipita kushoto kwenye majani, wengine wakitengeneza mistari mitatu mahali pa miwili, mpaka wanaokuja na wanaokwenda wanakabana uso kwa uso. Trela haliwezi kurudi nyuma katika hali hiyo. Linakaa. Dereva anakaa na utingo wake, mashine ya kupoza mzigo inakunywa dizeli, na mteja wa Mbale anapiga simu kila baada ya nusu saa.

Hasara hii haiandikwi mahali. Waandaaji huhesabu watalii waliolala hotelini, serikali huhesabu kodi, magazeti huhesabu mashabiki. Nyanya iliyoiva zaidi ya siku yake ndani ya lori la mtu kutoka Mbale haimo katika hesabu ya yeyote. Sisemi mbio zifutwe. Nazipenda kuliko mpira. Nasema tarehe yake inajulikana miezi mingi kabla, na tangazo la njia linapaswa kumfikia wakala wa forodha wa Malaba kama linavyomfikia mwenye hoteli ya Naivasha.

Huku kwetu mambo si tofauti. Jinja ina mto mkubwa, na magari ya barabara kuu hayana njia nyingi za kuuvuka. Kwa zaidi ya miaka 60 magari yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, hadi daraja jipya la nyaya, lenye mita 525, lilipozinduliwa Oktoba 2018. Daraja limerahisisha kuvuka maji, ila mji uliopo baada ya maji ni ule ule. Tamasha la Nyege Nyege linapojaza Jinja, magari ya vijana kutoka Kampala na Nairobi huingia barabara moja na malori. Harusi ya Kyabazinga wa Busoga, Novemba 18, 2023, ilifungwa katika kanisa kuu la Bugembe, ambalo liko kando ya barabara ya Jinja kwenda Iganga. Ilikuwa siku ya furaha, na Busoga ilistahili. Ila huwezi kuleta umati Bugembe bila kuugusa msafara wa malori yanayotoka mpakani. Mjanja hukatia Nakalama akapita Tirinyi na Kamonkoli kuja Mbale, lakini hiyo inamsaidia tu anayekuja Mbale. Wa Kampala lazima apite pale pale.

Mbale nayo ina Mutoto. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi Agosti, ufunguzi wa imbalu huwaleta Wamasaba kutoka kila kona, wakiwemo ndugu zao Wabukusu wanaovuka kutoka Kenya. Kule wanacheza kadodi na hakuna wa kuwazuia, wala asijaribu. Magari yao yanabaki popote yalipochokea.

Wenzetu wa mbali wamejaribu njia mbalimbali. Kule Pebble Beach, California, kwenye maonyesho yanayosifika kuliko yote ya magari ya kale, watazamaji huacha magari yao mbali na kubebwa kwa mabasi. Goodwood, Uingereza, katika sherehe yao ya Revival, anayekuja na gari lililotengenezwa kabla ya 1966 huegesha mahali pake pa karibu, na eneo lile la maegesho likawa maonyesho mengine ya bure. Hii naipenda: mtu aliyekuja na gari zuri anapewa sababu ya kufika mapema, na wenye magari ya kawaida hawamwonei kijicho kwa kuwa wanapita kulitazama. Detroit, Marekani, wao walikata shauri tofauti kabisa. Tangu 1995, Jumamosi moja ya Agosti, magari ya kale hutembea polepole barabara ya Woodward, na foleni yenyewe ndiyo wanayokuja kuitazama. Watu huketi kando kwa viti vya kukunja. Lakini barabara ile haina malori ya kwenda Kigali na Juba.

Mbale ikitaka siku moja kuandaa maonyesho ya magari ya kale, na sioni kwa nini isitake, mji una faida ambayo Nairobi haina. Mlima Wanale unaonekana kutoka kila mtaa, watu wa Kenya wanafika kwa Malaba, Busia, Lwakhakha au Suam, na Peugeot za zamani bado zimejificha katika vibanda vya watu. Jambo la kwanza kuamua lisiwe jukwaa wala mgeni rasmi. Iamuliwe kwanza malori ya Kumi na Soroti yatapita wapi siku hiyo, na tangazo lifike Tororo na Malaba wiki mbili kabla. Watazamaji waache magari nje ya katikati ya mji na kuletwa kwa teksi za abiria. Wenye teksi watashukuru kwa kazi ya Jumapili. Tiketi ziuzwe kwa simu, kwa laini za Uganda na za Kenya zote mbili, kwa sababu wengi wetu tunatembea na mbili mfukoni na bado tunaambiwa dirishani kwamba laini yetu haikubaliki. Wenye maduka waulizwe saa zao za kupokea mizigo kabla ramani haijachorwa.

Anayepanga kwenda Ngong kwa gari lake mwenyewe ajiandae kabla ya kuondoka Mbale. Achukue kadi ya umiliki wa gari, na barua ya mwenye gari kama si lake. Awe na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Kenya, na leseni halali ya udereva. Mpakani ataomba kibali cha muda cha gari. Aangalie tarehe ya mwisho na kurudi kabla haijapita, maana kibali kilichokwisha kinageuza matembezi kuwa kesi ya forodha. Mwenye kuuza bidhaa za Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kuomba cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, ikiwa bidhaa zimo katika orodha inayokubaliwa.

Kutoka Malaba hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Alale Nakuru au Naivasha Jumamosi, aingie uwanjani kabla ya saa tatu, na aegeshe akiwa ameelekeza pua ya gari kwenye njia ya kutokea. Jioni asikimbilie barabara, ale kwanza. Mwenye mzigo wa Jumatatu ndiye tu aondoke mapema, kabla zawadi hazijaanza kugawiwa, ili awe amevuka Nakuru giza halijaingia.